Mwongozo kamili: Kupita na gari kwenye njia za machimbo ya zamani ya Lupa, Chunya

Wanaoniandikia baada ya safari ya Chunya huwa na hadithi moja yenye mikia tofauti. Simu iliwaonyesha njia, wakaifuata, njia ikaishia kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji. Wakageuza gari kwenye nyasi, tairi la nyuma likazama kwenye mtaro wa zamani. Au walifika salama, kisha wakasimamishwa na vijana wenye sururu waliotaka kujua wao ni akina nani na nani kawatuma.

Mara nyingi gari halina kosa. Kosa ni kudhani kwamba njia ya machimbo ni barabara. Barabara huunganisha kijiji na kijiji. Njia ya machimbo hufuata dhahabu ilipokuwa, na dhahabu ikiisha njia nayo hukatika palepale. Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920, na kila kizazi cha wachimbaji kimekata njia zake juu ya njia za waliotangulia. Kwa hiyo pori zima limejaa vijia visivyoelekea popote.

Mzunguko ninaouzungumzia ni Mbeya, Chunya, Makongolosi, Saza, Mkwajuni, Galula, kisha kutokea Mbalizi kwenye barabara ya TANZAM. Mbeya hadi Chunya ni kilomita 72 za lami, na lami inaendelea hadi Makongolosi, kilomita 39 zaidi. Kazi yenyewe ni pale unapoiacha lami na kuingia kwenye vijia vya kushoto na kulia. Panga siku mbili na ulale Makongolosi. Anayetaka kuumaliza kwa siku moja ataishia kuona vumbi tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka Mbeya

Gari lililoinuka lenye 4x4 na gia ya chini (4L). Gari la familia lenye 4x4 ya kujiwasha lenyewe litakufikisha Makongolosi na kukurudisha, lakini liache huko huko mjini.

Spea mbili, si moja. Mawe ya kwatzi (mwamba mweupe unaobeba dhahabu) yaliyovunjwa na wachimbaji yana makali ya chupa, na visiki vya miombo iliyokatwa kwa mkaa na kwa matimba (nguzo za kushikilia kuta za mashimo) vimejificha kwenye nyasi. Vyote viwili hupasua ubavu wa tairi, na ubavu ukishapasuka hakuna kiraka kinachosaidia. Pancha ya kawaida unaiziba mwenyewe, kwa hiyo beba vifaa vya kuzibia.

Geji ya upepo na pampu ya kujazia. Utashusha upepo na kuurudisha. Bila pampu hutathubutu kuushusha, na hapo ndipo unapokwama.

Sepetu, panga, jeki na ubao mpana wa kuweka chini ya jeki. Jeki bila ubao huzama mchangani badala ya kuinua gari.

Kamba ya kuvutia inayonyumbuka, na sehemu madhubuti za kuifungia mbele na nyuma. Angalia sehemu hizo ukiwa nyumbani. Vitanzi vidogo vilivyo chini ya magari mengi ni vya kufungia gari melini. Ukivutia hapo vinang'oka na kuruka kama risasi.

Maji. Lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na lita 20 za akiba kwa ajili ya watu na rejeta. Usitegemee mito wala visima vya machimbo. Sababu utaziona hatua ya 5 na ya 6.

Mafuta. Jaza Chunya, ongeza Makongolosi. Kwenye 4L gari hunywa kuliko ulivyozoea, kwa hiyo piga hesabu ya kilomita zako kisha uongeze nusu.

Ramani iliyopakuliwa. Programu za simu za Organic Maps au OsmAnd zinafanya kazi bila mtandao. Nje ya miji midogo mtandao huja na kupotea.

Nguo za rangi ya kaki au kijivu. Upande wa kaskazini kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Hulifuata pia gari linalotembea, kwa hiyo funga vioo ukiwaona.

Ongeza kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza na tochi. Pia usiende na gari moja. Mkiwa na magari mawili, mkwamo ni kazi ya nusu saa. Ukiwa na moja unaweza kulala porini.

## Lini uende

Juni hadi Oktoba. Mvua za Chunya huanza karibu na Desemba na kuisha Aprili, na katika miezi hiyo udongo mweusi wa mbuga hugeuka gundi. Mei bado nyasi ni ndefu kuliko boneti, huoni mashimo. Kwangu mimi Agosti na Septemba ndiyo miezi bora, kwa sababu nyasi nyingi zimeungua au kulala na ardhi inaonekana wazi.

## Hatua ya 1: Chora njia yako nyumbani, ukitumia picha za satelaiti

Fungua Google Earth na ufuate eneo kati ya Makongolosi na Saza. Usianze na mistari ya njia. Anza kwa kutafuta madoa meupe. Hicho ni kifusi. Utaona madoa yamejipanga mstari mmoja, kwa sababu maduara hufuata mshipa wa mwamba. Mstari wa madoa maana yake kuna mashimo pia katikati ya madoa, hata pale ambapo picha haionyeshi kitu.

Sasa angalia njia. Inayokatiza mstari wa madoa na kuendelea upande wa pili ni njia ya kweli. Inayofika kwenye madoa na kutawanyika kama mizizi ni njia ya kazi, haina kutokea. Weka alama za zile za kwanza tu kwenye ramani ya simu.

Angalia pia tarehe ya picha. Kwenye machimbo, picha ya miaka miwili iliyopita ni ya zamani. Rashi (watu kukimbilia dhahabu mpya) ikilipuka, mahali palipokuwa pori huwa na mamia ya watu ndani ya wiki chache.

Ukimaliza hatua hii uwe na njia mbili au tatu tu, kila moja ikiwa na mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea. Ukiwa nazo kumi, hukuchuja.

## Hatua ya 2: Piga hodi kabla ya kuingia

Pori unaloliona tupu lina wenyewe. Sehemu kubwa iko chini ya leseni za uchimbaji, nyingine ni ardhi ya kijiji, nyingine ni hifadhi ya msitu chini ya TFS, wakala wa misitu. Ukielekea kaskazini sana unakaribia Pori la Akiba Rungwa, ambalo liko chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na lina taratibu zake za kuingia.

Anza Chunya mjini kwenye ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa Tume ya Madini. Waulize ni maeneo gani yana leseni hai na yapi yana mgogoro. Kisha, kwenye kila kijiji unakotaka kuingia, nenda ofisi ya mtendaji au kwa mwenyekiti. Sema jina lako, mlipotoka, mko wangapi, mnataka kuona nini, mtatoka saa ngapi. Saini kitabu cha wageni na uache namba ya simu.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, gari geni porini hudhaniwa ni la mnunuzi, la mkaguzi au la mwizi wa mawe, na yote matatu huleta maswali makali. Ukisema "mtendaji anatufahamu" hali hupoa. Ya pili, usipotokea jioni kuna mtu atakayejua pa kuanzia kukutafuta.

Onyo: usiokote jiwe lenye dhahabu wala kuchekecha mchanga "kwa kujaribu tu". Sheria ya Madini, Sura ya 123, hairuhusu mtu kutafuta wala kuchimba madini bila leseni. Ukikutwa na mawe kwenye buti, kujieleza ni kugumu.

## Hatua ya 3: Tafuta mwenyeji, na umuulize swali moja

Swali lenyewe ni hili: "Fuso inapita?"

Ukiuliza kama njia inapitika, kila mtu atakujibu inapitika, kwa sababu yeye hupita na bodaboda au kwa miguu. Pikipiki hupita katikati ya maduara mawili kwenye ukingo wa futi tatu. Gari lako haliwezi. Fuso hubeba mawe na marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa) kwenda kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, hivyo njia yake ni pana, imeshindiliwa, na madereva wake wanajua palipodidimia.

Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo mzee. Hii njia inatokea Saza?"

"Marahaba. Inatokea, mwanangu. Nenda tu."

"Fuso inapita?"

"Aa, Fuso mwisho wake pale kwenye karasha. Mbele ni pikipiki."

Basi, umejua gari lako linaishia wapi.

Mchukue mtu akae nawe garini, aliyewahi kupita njia hiyo na gari, na mpatane malipo kabla ya kuwasha injini. Ukimpata pia kijana wa bodaboda wa kutangulia, ni bora zaidi: anatazama mbele, anarudi, anakuambia. Mimi hupendelea wachimbaji wa makamo kuliko vijana, kwani wanakumbuka mashimo yaliyoachwa zamani na kufunikwa na majani.

## Hatua ya 4: Andaa gari pale lami inapoisha

Simama kwenye kivuli, fanya haya kwa utaratibu:

1. Shusha upepo. Kama unatembea na psi 35 kwenye lami, weka 26 kwa changarawe na mawe. Tairi laini hulikumbatia jiwe badala ya kulipiga. Mwendo nao ushuke, usizidi 50.
2. Kama gari lako ni Land Cruiser ya zamani, funga habu za mbele (vizungusho vya katikati ya magurudumu) sasa hivi. Hutataka kuchutama topeni baadaye.
3. Ingiza 4x4 ukiwa tayari kwenye ardhi laini. Usitembee nayo kwenye lami kavu, maana mfumo unajikaza na kuvunja vyuma.
4. Jaribu 4L gari likiwa limesimama. Kama haiingii hapa, haitaingia kwenye mteremko.
5. Chungulia chini: sampu, ekzosi, bomba la mafuta. Wakati wa kiangazi nyasi kavu hukusanyika juu ya ekzosi na kuwaka. Rudia kuchungulia kila unaposimama.

## Hatua ya 5: Soma ardhi kabla ya tairi

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, kwa hiyo soma polepole.

Mashimo wima. Duara la zamani halina alama. Dalili yake ni kifusi: kilima kidogo chenye umbo la kwato ya farasi, udongo wa rangi tofauti na wa jirani, vipande vyeupe vya kwatzi. Mdomo wa shimo uko ndani ya kwato hiyo. Ukiona kifusi pande zote mbili za njia, simama, na mtu ashuke atembee mbele. Matimba ya zamani yameliwa na mchwa, kwa hiyo ardhi inayozunguka mdomo inaweza kuwa ganda tu. Gari lisikaribie ndani ya mita 20. Mtu asikaribie ukingo hata kidogo.

Mitaro. Watafutaji wa zamani walikata mitaro mirefu kukatiza mshipa. Leo imejaa majani na udongo laini, na kutoka kwenye kiti cha dereva inafanana na nyasi tambarare. Itambue kwa mstari wa nyasi zenye kijani zaidi, au mstari wa miti midogo yenye umri mmoja. Miombo haijipangi mistari yenyewe.

Marudio. Kando ya vinu vya zamani utakuta uwanda wa unga laini, mweupe au wa njano, mzuri wa kupigia picha gari. Usiupande. Juu ni ganda kavu, chini kunaweza kuwa na tope lisilo na mwisho, na unga wenyewe unaweza kuwa na zebaki na sianidi. Watoto wasichezee hapo.

Njia za ng'ombe. Wafugaji wa Kisukuma wana mifugo mingi huku. Njia ya ng'ombe ni pana na safi, na huwadanganya madereva wengi. Tazama chini: kama kuna kwato nyingi bila alama ya tairi, unaelekea kwenye maji, na ukingoni mwa maji kuna udongo wa mfinyanzi.

Jua. Kutoka Makongolosi kwenda Saza unaelekea magharibi. Alasiri jua liko usoni na mashimo yako kivulini. Kipande hicho kipite asubuhi, kuanzia saa 1.

Ukiendesha vizuri utaona ajabu moja: mtu anayetembea mbele ya gari anakuzidi mwendo. Kwenye eneo la mashimo huo ndio mwendo mzuri.

Kwenye mteremko tumia 4L, gia ya kwanza, mguu usikanyage klachi. Ukipanda na injini ikazima, shika breki, ingiza rivasi, shuka moja kwa moja ulikotoka. Ukigeuza kando kwenye mlima, gari linabiringika.

Na ukihitaji kugeuza kwenye njia nyembamba, usigeuze. Rudi rivasi hadi mahali ulipopaona pana, hata kama ni mita 300, mwenzako akikuongoza kwa mkono. Mitaro iko kwenye nyasi za pembeni, na hapo ndipo tairi la nyuma huingia.

## Hatua ya 6: Kuvuka mito ya mchanga

Mto Lupa na vijito vyake wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Kabla hujashuka, tembea kwa miguu kutoka ukingo hadi ukingo. Wachimbaji huchimba ndani ya mto kutafuta dhahabu ya mchanga, na mvua inayofuata huyajaza mashimo hayo mchanga uliolegea. Juu panalingana kabisa, lakini mguu wako ukizama hadi kifundo, tairi litazama hadi ekseli.

Shusha upepo hadi 18. Ingiza 4L, gia ya pili, tembea kwa mwendo mmoja bila kubadili gia wala kukata kona. Ukisikia gari linakuwa zito, usiongeze mafuta kwa hasira. Tairi likizunguka bure mara tatu limeshajichimbia kaburi. Simama, rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, jaribu tena.

Kama mto una maji yanayokimbia na yamepita goti, usivuke. Lala upande uliopo.

## Hatua ya 7: Ukifika kwenye magofu na mashimo

Mgodi wa Saza ulifungwa mwaka 1956, na watu wengi huja kwa ajili ya eneo hilo. Fahamu kwamba jirani kuna mgodi mkubwa unaofanya kazi, New Luika, wenye uzio na walinzi. Usipige picha mageti wala walinzi, na usifuate barabara yake ukidhani ni ya umma.

Kwa mashimo yote sheria ni moja: tazama kwa nje, usiingie. Hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni bila harufu wala dalili, na anayeshuka kumwokoa mwenzake huanguka juu yake. Kisha kuna popo. Kati ya 1998 na 2000, Durba nchini Kongo, wachimbaji wa mgodi wa dhahabu wa Gorumbwa waliugua Marburg, homa kali ya virusi. Watu 154 waliugua na 128 wakafa. Mwaka 2007 wachimbaji wa Kitaka, Uganda, nao waliipata kutoka kwa popo wa mgodini. Picha ya ndani ya handaki haina thamani hiyo.

Maji ya mabwawa ya machimbo usinywe wala usinawie, hata yakiwa ya buluu ya kupendeza. Ukikuta watu wanachoma zebaki, kaa upande upepo unakotoka au ondoka.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha watu. Baadhi ya maduara yana masharti ya wenyewe. Ukiambiwa usisogee, usiulize kwa nini.

## Hatua ya 8: Ukikwama

Zima injini kwanza. Shuka uangalie kama tumbo la gari limekalia udongo. Kama limekalia, hakuna kuvuta kutakakosaidia kabla ya kuchimba. Fukua nyuma ya tairi zote nne, weka matawi au mawe bapa, shusha upepo hadi 15, kisha jaribu rivasi, ulikotoka unakujua.

Mkivuta kwa kamba, watu wote wakae mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe. Weka koti au turubai katikati ya kamba ili ikikatika isiruke juu.

Tairi moja likiwa ndani ya shimo au mtaro, usijaribu kutoka kwa nguvu za injini. Watu washukie upande wa pili, kisha ngojeni gari la pili au Fuso ya karibu. Ukipata mtandao, 112 ni polisi. Majeruhi mpelekeni Hospitali ya Wilaya Chunya, na kwa mambo makubwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

## Hatua ya 9: Kutoka

Uwe nje ya vijia ifikapo saa 11 jioni, hata kama umebakiza kilomita 3 za kuona kitu ulichokitaka. Gizani mashimo hayaonekani kwa taa za gari, kwa sababu taa hupita juu ya mdomo wa shimo.

Mpigie mtendaji au mwenyekiti mliyemwachia namba, mwambie mmetoka. Wasipopata taarifa, wanaweza kuwatoa watu usiku kukutafuta.

Rudisha upepo hadi 35 kabla ya lami, fungua habu, toa 4x4. Ondoa mbegu za nyasi kwenye rejeta kwa brashi laini, maana zikiziba gari litachemka kwenye mlima wa kurudi Mbeya. Pitisha mkono ndani ya ubavu wa kila tairi, upande usioonekana. Ukigusa mchano unaoingiza ukucha, badilisha tairi hilo hapo hapo.